Umeme Uliporudi

Juni 2009 Iringa ilikuwa na baridi ya kutia mikono kwapani. Nilitoka Mbeya kuweka seva inayotumia CentOS 5, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kwenye chama kimoja cha kuweka na kukopa. Programu yao ya hesabu ilifunguka vizuri, ila ukigusa kitufe cha risiti inaanguka. Ujumbe wake ni mmoja tu: “Permission denied”.

Nikafanya wanachofanya mafundi wakibanwa: chmod 777, folda nzima. Najua, ni aibu. Ikaanguka tena, yaani kila mtu kapewa ruhusa zote na bado inalia ruhusa! Nikateremka intaneti kafe Miomboni. Mkongo wa SEACOM, wa kuleta intaneti kwa chini ya bahari, ungewashwa mwezi uliofuata, kwa hiyo ukurasa mmoja ulikula robo saa. Jina nililorudi nalo ni SELinux, ulinzi wa Linux uliobuniwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, na kutolewa hadharani mwaka 2000. Huo hauangalii faili ni la nani. Una sheria zake na lebo zake.

Nikaandika setenforce 0, amri ya kuuzuia ulinzi huo usikataze kitu. Risiti ikatoka. Mama mhasibu akapiga makofi, nikalishwa wali kuku, kesho yake nikapanda basi.

Tuko Mafinga, nanunua mahindi ya kuchemsha dirishani, simu ikaita. Mama mhasibu.

“Kamwene, fundi. Umeme ulikatika, umerudi. Na ugonjwa umerudi nao.”

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba amri ile hudumu mpaka mashine izimwe tu. Ikiwaka upya inasoma faili la mipangilio, /etc/selinux/config, na humo ulinzi ulikuwa vilevile. Ningeweza kumsomea amri kwa simu aichape mwenyewe, nikaendelea na safari. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

“Mwanangu,” akasema, “jana ulitengeneza au ulizima?”

Nikashuka na begi langu.

Usiku ule nilisoma /var/log/audit/audit.log, faili ambamo ulinzi huandika ulichokataza, mstari kwa mstari, jambo nililopaswa kuanza nalo. Neno lililojirudia lilikuwa execmod. Faili moja la maktaba ya printa (msimbo ambao programu huazima ili ichapishe), la miaka mingi, lilitaka kuandika juu ya msimbo wake ndani ya kumbukumbu kisha kuutekeleza. Wavamizi nao hupenda mchezo huohuo, ndiyo maana likakatazwa. Programu, kwa kukosa maktaba yake, ikafa. Nikalibandika faili hilo peke yake lebo ya textrel_shlib_t, inayoruhusu jambo hilo, kwa amri za semanage na restorecon ili isifutike, nikarudisha ruhusa za folda zilivyokuwa, nikawasha ulinzi. Dakika kumi hazikufika.

Asubuhi mama akatazama risiti ikitoka. Hakupiga makofi. Aliinuka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda ukutani na kuzima swichi mwenyewe.

Tukasubiri kimya. Akaiwasha, mashine ikavuma, akabonyeza risiti.

“Haya,” akasema, huku akiikunja karatasi. “Sasa nenda Mbeya.”