Moto nimeupa mgongo

Jumapili, saa tano usiku

Nimerudi mazoezini mikono inanuka mafuta ya taa. Nimeiosha kwa sabuni mara tatu, nikaisugua kwa ganda la ndimu kama bibi alivyokuwa akiondoa shombo la samaki, lakini harufu bado imejificha chini ya kucha. Kesho alfajiri naingia zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na yule bibi wa chumba cha mwisho hakosi kuniuliza nimetoka kupika nini.

Wiki mbili hazijatimia. Tarehe 30 Aprili, jua likishazama, tutawasha moto juu ya Calton Hill hapa Edinburgh, na mienge itakizunguka kilima mpaka usiku mkubwa. Wenyewe wanaiita Beltane. Asili yake ni sikukuu ya kale ya Waskoti na Waayalandi ya kuufungua msimu wa joto. Wafugaji walikuwa wakiwapitisha ng'ombe baina ya mioto miwili kabla ya kuwapandisha malishoni, ili wakingwe na maradhi. Hii ya kilimani ni changa. Ilianza mwaka 1988, pale Angus Farquhar wa kikundi cha muziki cha Test Dept alipokusanya wenzake wachache, wakashauriana na wataalamu wa mila wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakapanda kilima na moto wao. Sasa tuko mamia: wapiga ngoma, wachezaji, wabeba mienge, washonaji, wapaka rangi, na sisi tunaochunga usalama. Hakuna anayelipwa. Kiongozi wa kikundi chetu ni mwalimu wa shule ya msingi, na anayeshika daftari la mafuta ni dereva wa basi. Chakula cha mazoezini tunapeana zamu. Zamu yangu ilipofika nilipeleka pilau na kachumbari, sufuria ikarudi imekombwa.

Mchana tulitembea njia nzima ya msafara bila moto, hatua kwa hatua. Ukungu wa baharini ambao hapa wanauita haar ulikuwa umepanda kutoka upande wa bandari ya Leith, na zile nguzo kumi na mbili za kilimani zilikuwa zikionekana nusu, zikipotea, zikirudi. Mnara ule wa nguzo ulianza kujengwa mwaka 1826 kwa kuiga hekalu la Parthenon la Athens, uwe kumbukumbu ya Waskoti waliokufa katika vita vya Napoleon. Mwaka 1829 fedha zikakatika, na hapo ndipo ulipoishia. Watu wa mji waliubandika jina la aibu ya Edinburgh. Mie siioni aibu yenyewe. Ungemalizika ungekuwa na paa, mlango na kufuli, na mtu wa kushika ufunguo. Ulivyo hivi kila mtu anaingia, na ni hapo penye nguzo ndipo Malkia wa Mei atakapoamshwa kwa ngoma.

Kwa wasioijua hadithi yenyewe: Malkia anashuka na msafara, wachezaji wa rangi nyeupe wanamlinda, wale wa rangi nyekundu waliojipaka mwili mzima, karibu uchi katika baridi ile, wanakuja kuvuruga. Kuna Mtu wa Kijani anayetembea naye amebeba msimu uliochakaa. Anapomgusa Malkia anauawa, kisha anafufuka, mpya. Ndipo moto mkubwa unapowashwa. Nimeisimulia kwa maneno machache, lakini ukiisikia kwa ngoma, zile kubwa zinazofungwa kifuani kwa mkanda, inakupita kwenye mbavu. Mtu aliyelelewa na ngoma anajua mpigaji anayehesabu na mpigaji anayesikiliza. Mwaka huu wanasikilizana.

Jioni tukaenda kwenye uwanja wa nyuma ya karakana kuwasha mienge kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo limeninyima usingizi.

Taratibu zetu ni hizi. Utambi wa mwenge ni wa Kevlar, uzi usioshika moto upesi. Unauchovya kwenye kopo la mafuta, unauacha ujichuje, unaukung'uta mpaka usidondoshe tone, kisha unafunika kopo. Kopo halijafunikwa, hakuna kiberiti. Anayeshika mafuta hashiki moto. Nguo ni za pamba au sufu, nywele zimefungwa na kuloweshwa. Pembeni kuna ndoo, blanketi la kuzimia moto, na taulo zilizoloweshwa zikakamuliwa, maana taulo inayochuruzika maji haikamati vizuri.

Kijana mmoja, mpole, mara yake ya kwanza kubeba mwenge, alikuwa amevaa koti la sufu la babu yake. Sufu safi kabisa, tulilikagua. Hakuna aliyefikiria kufunua bitana. Alipoinua mwenge upepo ukageuka, tone moja likamwingia kwenye mkono wa koti, na mle ndani kukawa na mwanga mdogo wa rangi ya samawati, kama taa ya chemli iliyopunguzwa utambi. Yeye hakuuona. Alikuwa akitazama mwenge wake na kutabasamu. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilimshika kiwiko kwa mkono wa kushoto, taulo nikaitandaza juu ya mkono wake na kuibana, nikaivuta kutoka kifuani kuelekea vidole, mbali na uso, nikahesabu mpaka kumi. Nilipofunua, bitana ya poliesta ilikuwa imeyeyuka na kuganda kama nta nyeusi. Ngozi ilikuwa nyekundu, hakuna malengelenge. Tulimweka mkono chini ya maji ya bomba kwa dakika ishirini, naye muda wote huo akiniomba radhi, kana kwamba amenikosea mimi.

Makosa yalikuwa yangu. Mie ndiye niliyelikagua koti lile kwa kulipapasa juu juu nikasema sawa.

Niliporudi nyumbani sikuketi. Nimetoa nguo zote nilizopanga kuvaa usiku ule, nikachomoa uzi mmojammoja kwenye pindo, nikauchoma juu ya sinki. Uzi wa pamba unanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, ukiligusa linapotea. Uzi wa poliesta unajikunja, unatoa moshi mweusi, unabaki kijiduara kigumu kama mbegu ya mchicha. Suruali imepita. Fulana imepita. Nina kanga mbili nilizokuwa nimezitenga, moja ya kufunga kichwani na moja ya kulowesha na kuweka shingoni. Ile mpya, niliyoletewa kutoka Unguja mwaka juzi, imeacha mbegu. Ile kuukuu ya bibi, iliyofuliwa mpaka maandishi hayasomeki, imeacha jivu. Nitavaa ya bibi.

Na bibi ndiye niliyekuwa nikimwaza njia nzima. Mie ni mtu wa Makunduchi. Kwetu mwaka mpya haungoji Januari. Unakuja Julai, kwa hesabu ya Nairuzi, kalenda yenye asili ya Uajemi, waliyoachiwa wazee wetu, nasi tunauita Mwaka Kogwa, kuoga mwaka. Vijana wanakata migomba, wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa mabua ya migomba hiyo mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiwatoke, wanawake wamevaa vizuri wanaimba na kuwasema wanaume waziwazi, kisha kibanda cha makuti kinachomwa, na watu wanatazama moshi umeelekea wapi. Kila nyumba inapika, na ni vibaya kuupokea mwaka bila mgeni. Nani analipwa? Hakuna. Utotoni sikujua kwamba kazi ya namna ile ina jina, kwamba mtu anaweza kuitwa mtu wa kujitolea. Siku ikikaribia mtu unajua zamu yako, basi.

Bibi alikuwa akisimulia kwamba zamani, mchana wa siku ya mwaka, meko ya kila nyumba yalizimwa. Moto ukapekechwa upya, mti juu ya mti, kama mababu walivyofanya kabla ya viberiti, na jiko likawashwa kwa moto ule mpya. Nilikuwa nimelisahau simulizi hilo kabisa. Miaka mitatu iliyopita, kikao changu cha kwanza hapa, mwanamke mmoja wa makamo akasimama akatueleza kuwa Waskoti wa zamani, siku ya Beltane, walizima meko yao yote, wakapekecha moto mmoja wa pamoja, na kila nyumba ikachukua kijinga chake cha moto hapo. Nilisisimka mwili mzima. Nilitoka nje nikalia kidogo. Nilikuwa nimeishi mji huu miaka sita nikidhani hakuna kitu hapa kinachonijua.

Mpaka leo moto wa kwanza wa Beltane wetu unapekechwa kwa mti. Ni kazi ngumu. Mti ukiwa na unyevu, na Scotland unyevu haukosekani, watu wanapokezana, mikono inatoka malengelenge, moshi unakuja na kukata. Kisha kinadondoka kijikaa kidogo kama punje ya mtama, kinapokewa kwenye nyasi kavu, mtu anakipulizia kwa pumzi ndefu. Kutoka punje ile mienge yote ya kilimani.

Mama alipiga simu jana.

"Mdogo wako ananambia huko mnaabudu moto."

"Hatuabudu, mama. Tunauwasha, tunauchunga, asubuhi tunauzima."

"Wote?"

Nilimwambia ukweli. Wapo ambao kwao ni ibada, wapo ambao ni sanaa, wapo waliokuja kupiga ngoma tu. Mie naenda kuwachunga watu wasiungue. Akanyamaza. Nikamkumbusha kuwa hata Mwaka Kogwa wetu kila mwaka huzuka anayesema si dini, na yeye mama hajaacha kupika siku ile hata mara moja. Akaguna, mguno ule wa mtu asiyekubali na asiyekataa.

"Basi upige bismillahi. Na nywele uzifunge."

Kuna jambo nataka kuliandika hapa kabla sijalala, kwa sababu linaniuma. Wanaotaka kubeba moto ni wengi kuliko mienge. Wanaotaka kubeba ndoo hawafiki idadi. Kila mwaka ni hivyo, na mwaka huu bado tunatafuta watu. Nawaelewa, moto unavuta. Lakini mtu ananambia, "Ukiwa mlinzi huoni kitu," nami namkatalia. Mlinzi anasimama amewakabili watazamaji, moto uko nyuma yake. Siku ya kwanza ya mafunzo niliona kama adhabu. Halafu nikafundishwa kuusoma moto kwenye nyuso za watu. Mwenge ukipita nyuma yako, mwanga unawapita usoni kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayepitisha mkono juu ya shayiri. Ukiinuliwa, macho yote yanapanda pamoja. Mtoto aliyebebwa mabegani anafungua mdomo kabla ya baba yake. Na siku mambo yakienda kombo utaliona kwanza hapo: uso mmoja unakunjamana, wa pili unafuata, ndipo unageuka na taulo yako. Nimeziona Beltane mbili kwa namna hiyo, na sibadilishani na mwenye mwenge.

Mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, kilima kilikaa kitupu usiku ule. Sikuwa nimejiunga bado, ila nakumbuka nikirudi kazini nimechoka, wazee wetu wamefungiwa vyumbani, nikapita chini ya kilima na kulikuwa na giza tu. Waliokuwepo wanasema walipopandisha moto tena mwaka 2022, watu wazima walishikana wakalia mbele ya nguzo. Naamini.

Yule bibi wa chumba cha mwisho nilimweleza kwamba nitakuwa kilimani usiku ule na nimeomba zamu yangu ya Mei mosi ianze saa nne asubuhi. Akaniuliza, "Na umande?" Sikumwelewa. Akanieleza kuwa alipokuwa msichana, yeye na dada zake walikuwa wakiamka gizani tarehe mosi Mei, wanapanda kilima cha Arthur's Seat, na jua likichomoza wananawa uso kwa umande wa majani. Ukinawa umande ule uso unang'aa mwaka mzima. Nikamwambia kwetu mwaka unaogwa. Alicheka, akanishika mkono na hakuuachia mpaka chai ikapoa.

Miguu yake sasa haifiki hata bustanini bila kiti cha magurudumu. Jua la Mei mosi hapa linachomoza karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tukishamaliza kuzima kaa la mwisho na kukusanya taka, muda wa kutoka Calton Hill kwenda Arthur's Seat utatosha. Umande unakusanywa kwa kitambaa: unakiburuza juu ya majani, unakikamua, unakiburuza tena. Pindo la kanga litafaa. Nimetafuta kichupa chenye kifuniko kinachobana, nimekichemsha, nimekiweka dirishani kimeinamishwa kijichuje maji.