Kukosoa picha ya mtu asinune, uzoefu wangu hapa Kigoma

Mi nina kistudio kidogo cha pasipoti hapa Mwanga, na kwa sababu kamera ipo mezani watu wanaamini najua kila kitu cha picha, basi vijana wa bodaboda, wanachuo, hata wazee wananiletea simu, "braza hebu cheki hii, iko poa?" Sasa hilo swali ni mtego. Ukijibu iko poa anaondoka kama alivyokuja, ukianza kumwaga makosa yote, ziwa limelala upande, nguzo ya umeme imeota kichwani, mkono umekatwa, anazima simu na humuoni tena.

Kinachonisaidia ni kukaa kimya kwanza. Naishika simu, naongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho (picha nyingi wanazolalamika zina giza ni kioo tu kimepunguzwa kubana chaji), naitazama, afu namwambia jicho langu limetua wapi. Sisemi nzuri wala mbaya, limetua wapi basi. Halafu namuuliza, ulitaka nione nini? Majibu hayo mawili yakipishana hapo ndo kazi ilipo, na mara nyingi mwenyewe anashtuka kabla sijafungua mdomo.

Kuna dogo alikuja na picha ya Kibirizi, mama anageuza dagaa juani. Mchana ule dagaa wanameremeta kama bati jipya, na kamera haijui mama ni nani wala dagaa ni nini, yenyewe inapima mwanga wa picha nzima iuweke katikati, ikiona weupe mwingi inafifisha vyote, kwa hiyo dagaa wametoka safi, mama uso mweusi tii hata macho hana. Nikamwambia nimetua kwenye dagaa. Yeye alitaka nione mama anavyocheka! Sikumpa somo la eksposha, yaani kiasi cha mwanga kamera inachoingiza, nilimwambia tu kesho gusa uso wa mama kwenye kioo, kikitokea kile kijua kidogo kivute juu, afu ndo upige. Akarudi na picha ambayo dagaa wa nyuma wameungua weupe kabisa lakini kicheko cha mama kipo chote mpaka pengo, na mi nikamwambia wacha dagaa waungue.

Kitu kimoja kwa picha moja, ndo utaratibu wangu. Na kiwe cha kufanyika kesho, sio "nunua lenzi".

Wa Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ndo wengi. Anapiga meli nzima kwa mbali, mbingu robo tatu, meli imebaki kidogo kama kiberiti, afu anakuhadithia kwamba ilitengenezwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Sawa bana, lakini huo uzee uko wapi kwenye picha? Namwambia asogee kwa miguu, asivute zumu maana zumu ya simu za kawaida inakata tu picha na kuikuza, apige ribiti (zile pini za chuma zinazoshikanisha mabati) za ubavuni na rangi inavyobanduka.

Jua nalo. Wanafuata maelekezo ya watu wa Dar, piga saa kumi na mbili jioni mwanga unakuwa laini, wakati huku tuko magharibi mwisho wa nchi na jua linachelewa kuzama karibu dakika 40 ukilinganisha na Dar. Saa kumi na mbili ya hapa bado linachoma macho, watu wote kwenye picha wamekunja sura. Nikiona hivyo sikosoi chochote, nasema subiri kidogo.

Wazee ndo wanataka akili. Alikuja mwalimu mstaafu na picha ya mkewe chini ya mwembe kule Ujiji, mabaka ya jua yamepita kwenye majani yakamjaa usoni. Mzee kama yule huwezi kumwambia umekosea. "Shikamoo mwalimu, mama kapendeza, ila haya mabaka yananivuta nashindwa kumtazama yeye." Akanuna kidogo. Nikatoa vipande vyangu viwili vya boksi nilivyokata kwa umbo la L, nikaviweka juu ya kioo nikawa nafunga na kufungua fremu, akanipokonya, akaendelea mwenyewe, mwisho akafunga mpaka mikono tu ya mama ikiwa imeshika ungo. Akasema ioshe hiyo.

Zinazonishinda ni za filta, zile za kulainisha ngozi na kumfanya mtu mweupe asiyefanana hata na dada yake. Hizo naomba kwanza waniletee ile ya mwanzo kabla ya filta, na kama ameshaifuta namwambia tu ukweli kwamba sina cha kusema, akapige nyingine.