Nilipoacha kugawa kwa x

Nikiwa mwaka wa nne wa sekondari hapa Bukavu, alama ya > ilinitesa kuliko kitu kingine chochote kwenye aljebra. Niliichukulia kama alama ya =. Nikipewa x² > 3x, nagawa pande zote kwa x, napata x > 3, nafunga daftari.

Jioni moja kaka yangu alilitazama jibu hilo akauliza, "Na −1 je?" Nikahesabu: kushoto 1, kulia −3. Kumbe −1 nayo imo, na nilikuwa nimeitupa pamoja na namba zote hasi!

Hakunipa kanuni. Nyumba yetu iko juu, Kadutu. Akanisimamisha mlangoni, akaelekeza kidole ziwani. "Nchi kavu ni ipi, maji ni yapi? Umehitaji hesabu?"

Tukarudi kwenye daftari la miraba. Nikaandika jedwali kutoka −1 hadi 4, nikachora mstari wa 3x, nikauita uso wa maji. Kwenye mchoro huo huo nikachora mkunjo wa x², huo ndio ardhi. Vilikutana mahali pawili, kwenye 0 na kwenye 3. Katikati ardhi imezama: kwenye 2, x² ni 4 na maji yako 6. Kushoto kwa 0 imeibuka, kulia kwa 3 imeibuka tena. Jibu basi ni x < 0 au x > 3. Kwenye 0 na 3 zenyewe nikaweka vidoto vitupu, maana pale pande zinalingana na swali linataka zaidi.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Ukigawa kwa namba hasi, alama hugeuka, na x ilikuwa imenificha kama ni hasi au chanya.

Mchoro una mpaka wake. Kwa x² < x + 1 jicho linasoma makutano ya kulia karibu 1.6, lakini thamani kamili, (1 + √5)/2, lazima uikokotoe. Mimi huchora kwanza nijue pa kutafuta, halafu nahesabu.

Juzi mdogo wangu aliniletea x² + 2 < x. Akachora mwenyewe: mkunjo wote juu, mstari chini, havigusani popote.

"Sasa niandike nini?"

"Andika hakuna."

Akaandika, kisha akajaribu 0, 1 na −1 kuhakikisha.