Uso wa habu

"Nilikuletea gari lenye kelele, umenirudishia gari lililopinda."

Hajji aliyasema hayo Jumanne, kwa sauti ya chini, vijana wote wakisikia, karatasi ya alaimenti, yaani vipimo vya mkao wa magurudumu, mkononi. Tangu siku hiyo tumemzika mama mkubwa kule Bombo, mdogo wangu amepata pasipoti, mvua zimeanza. Maneno ya Hajji hayajatoka kichwani.

Gari lake ni Toyota Premio. Ilikuwa ikivuma nyuma kuanzia kilomita 50 kwa saa, na mvumo ulipanda kwa mwendo wa gari, si wa injini. Hata ukitoa gia, unavuma. Tairi lililolika kwa mawimbi huvuma vivyo hivyo, kwa hiyo tulianza kwa kuhamishia mbele tairi za nyuma. Kelele ikabaki nyuma. Tukaipandisha juu, nikaweka kiganja kwenye springi huku nikizungusha gurudumu la kushoto taratibu: nilihisi kama mchanga unasagwa ndani ya chuma. La kulia lilizunguka kimya.

Kwenye gari hili beringi ya nyuma huja pamoja na habu, yaani kitovu cha gurudumu, haihitaji presi, mashine ya kukandamizia. Weka mawe mbele ya magurudumu ya mbele, shusha handibreki, vuta dramu, lile bakuli la breki. Ikigoma, ina matundu mawili yenye uzi: kaza humo boliti mbili za milimita 8, zamu kwa zamu, hadi iachie. Chomoa plagi ya sensa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki, kisha fungua boliti nne kwa soketi ya 14, ukizifikia kupitia tundu la habu yenyewe. Habu iliyoganda kwa kutu igongwe kutokea nyuma kidogo kidogo, na nyundo isiguse lile bati la breki, maana linapinda upesi.

Hapo ndipo nilipoharakisha. Uso wa ekseli, pale habu inapokaa, niliufuta kwa kitambaa tu.

"Umenirudishia gari lililopinda." Ningeweza kuyalaumu matuta ya barabara ya Bombo. Lakini ekseli hii ya nyuma haina pa kurekebishia kemba wala too, yaani ulalo wa gurudumu na mwelekeo wake. Gurudumu hukaa vile habu ilivyokaa. Gamba la kutu la nusu milimita, likibaki upande mmoja wa uso wenye upana wa sentimita 10, linalipindisha kwa karibu digrii 0.3. Nilimwambia tu, "Hajji, niachie gari."

Ijumaa nilifungua tena. Habu mpya ilikuwa na alama ya kung'aa upande mmoja peke yake, na upande wa pili, kwenye ekseli, gamba limeng'ang'ania, jembamba kama ukucha. Nikapiga brashi ya waya mpaka chuma cheupe kikaonekana, nikapaka grisi kidogo kwenye ukingo wa tundu, nikakaza boliti kwa kukingamana, nati za gurudumu nyutoni-mita (Nm) 103 kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

Kwenye mashine ya alaimenti niliomba mambo mawili: upepo wa tairi zote upimwe kwanza, na nyuma isomwe kabla ya kugusa tairodi za mbele, fimbo zinazogeuza magurudumu. Too ya mbele hufuata mstari ambao magurudumu ya nyuma yanausukumia gari. Ukiupuuza, usukani unakaa upande barabara ikiwa imenyooka. Nyuma ikasoma kijani, yaani ndani ya kipimo, kushoto na kulia. Nilisimama pale nikaiangalia ile kijani muda mrefu, kifua kikapungua uzito.

Hajji aliikunja karatasi mpya, akaitia mfuko wa kanzu, akaondoka. Alipofika Matugga akapiga simu. "Kimya, fundi. Kimya kabisa."

Sasa ni saa nne usiku. Mama hapokei simu tangu magharibi, na jana alisema betri ya ile taa ya sola imevimba. Bado anailaza chini ya kitanda.