Jino la kwanza na usiku wangu usio na usingizi

Mwanangu alikuwa ametimiza miezi 6 alipoanza kutafuna kila kitu: ukosi wa blauzi yangu, kona ya mto, vidole vyake vyote kwa pamoja. Udenda ulimtoka mpaka kidevu kikaota vipele. Nikawa namkausha kwa kitambaa laini bila kusugua, kisha nampaka mafuta ya mgando. Hayo ya mchana niliyamudu. Usiku ndio ulikuwa mtihani. Ananyonya kidogo, anaachia, analia, anarudi, ananing'ata.

Kilichomtuliza kuliko vyote ni kidole changu. Nilikata kucha, nikanawa kwa sabuni, nikamsugua ufizi wa chini taratibu, nikikandamiza kidogo pale palipovimba. Alinikodolea macho, akanyamaza, kisha akakaza taya kama aliyepata alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Tangu hapo nikawa namsugua dakika mbili kabla ya kumnyonyesha, na titi langu likapona.

Kitambaa safi kilicholoweshwa, kikakamuliwa na kuwekwa kwenye friji nacho kilisaidia. Pete ya kung'ata niliikosea: niliiweka kwenye friza, ikatoka ngumu kama jiwe, mtoto akalia mara mbili zaidi. Baridi kali kiasi hicho huumiza ufizi.

Jirani alinisifia jeli ya ganzi. Nikasoma boksi: benzokaini. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 2, maana inaweza kuifanya damu ishindwe kusafirisha oksijeni ipasavyo. Sikuipaka. Na kwa udenda ule, ingekaa ufizini dakika ngapi?

Siku ya tano akachemka. Kipimajoto kikasoma 38.9. "Meno hayo," kila mtu akaniambia, na nusura niamini. Lakini meno hupandisha joto kidogo tu, hayaleti homa kama ile. Nikampeleka hospitali, kumbe ni sikio. Ningeendelea kusugua ufizi huku sikio likioza!

Jino lenyewe nililisikia kabla ya kuliona. Nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko, kikagonga: ti! Usiku ule alilala vizuri. Usiku uliofuata akaning'ata tena, safari hii kwa jino.