Jina Lililokuwa Juu ya Mlango

Nilipita chini ya jina hilo mwaka mmoja na miezi miwili bila kujua ni la nani. Kazi yangu ni kusukuma viti vya magurudumu katika uwanja wa ndege wa Baltimore, jimbo la Maryland, ambao tangu 2005 umebeba jina la Thurgood Marshall. Siku moja nilikuwa nikimsukuma mama mmoja mzee, Mmarekani mweusi, kwenda kuchukua mizigo yake. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu Marshall unamjua?" Nikamjibu nadhani alikuwa rubani. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanyamaza hadi tulipofika. Kule kunyamaza ndiko kulikoniuma.

Nikaapa kuijua Maryland, na nikaanza vibaya. Nilianzia 1634, merikebu mbili za walowezi Waingereza, ukoo wa Calvert, sheria hii na mkataba ule. Siku ya tatu nilisinzia kitabu kikiwa usoni. Nikayaacha yote, nikamshika Marshall peke yake.

Kadi ya Enoch Pratt, maktaba ya umma ya Baltimore, hutolewa bure, na katika jengo kuu la Cathedral Street kuna idara nzima ya mambo ya Maryland. Ukienda, usiombe "historia ya jimbo", utaletewa rundo. Taja mtu mmoja na mtaa wake. Mimi niliambiwa Division Street, alikosoma shule ya msingi, nikaenda kwa miguu baada ya zamu. Inasimuliwa kwamba alipokorofisha darasani alishushwa chini ya jengo na nakala ya Katiba, hatoki mpaka akariri kifungu. Baba yake aliwahi kuwa mhudumu wa abiria kwenye treni. Niliposoma hapo nikaketi wima: kumbe ni mtoto wa mwenzangu!

Alipotaka kusomea sheria, chuo kikuu cha jimbo lake hakikuwa kikichukua weusi, ikabidi asafiri kwa treni hadi Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Alihitimu 1933. Mwaka 1935 akakipeleka mahakamani chuo kile kile kwa niaba ya kijana aitwaye Donald Murray, akashinda. Wengi humkumbuka kwa kesi ya 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma, au kwa kuwa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani, 1967. Mimi naipenda hii ya Murray, kwa sababu ina kisasi kidogo ndani yake.

Halafu nikakuta Kenya. Januari 1960, kwa mwaliko wa mwanasiasa wetu Tom Mboya, Marshall alifika kwetu, kisha akaenda London kuwashauri wajumbe Waafrika katika mkutano wa Lancaster House kuhusu katiba ya Kenya. Aliwaandikia rasimu ya haki za raia, ikiwemo kulinda mali za walio wachache, hata walowezi wenyewe. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba huko Kiambu alizuiwa kuhutubia umati, akaomba aruhusiwe kusalimu kwa neno moja tu. Akaruhusiwa. Neno lenyewe likawa "Uhuru!"

Mimi ni mtu wa Thika. Usiku ule nilimpigia mjomba simu. "Lancaster House tulifundishwa," akasema, "lakini huyo wakili hatukutajiwa."

Kutoka kwa Marshall, wengine walikuja wenyewe. Frederick Douglass alitoroka utumwa hapa hapa Baltimore mwaka 1838, kwa treni, amevaa kama baharia na kubeba karatasi za kuazima. Tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuwagusa wa Maryland, kwa kuwa jimbo halikujitenga na Marekani kama majimbo ya kusini. Waliungoja uhuru wao mpaka Novemba 1, 1864.

Kwa Harriet Tubman, mtumwa mwingine wa Maryland aliyetoroka, nilihitaji gari. Mwenzangu wa zamu aliniazima lake kwa sharti nijaze mafuta. Unavuka daraja la Chesapeake, zaidi ya kilomita 6 juu ya maji, kisha nchi inakuwa tambarare, matete na mbu. Huko Bucktown kuna duka dogo la mbao kwenye njia panda. Ndipo msimamizi mmoja alipomrushia jiwe la mizani la ratili mbili mtumwa aliyekuwa akikimbia, likampata Harriet kichwani. Alikuwa bado binti. Maisha yake yote alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla, hata katikati ya maneno. Na bado alitoroka 1849, akarudi mara 13 hivi kuwatoa watu wapatao 70.

Nilirudi nyumbani usiku. Ratili mbili ni karibu kilo moja. Nilichukua pakiti ya unga ya kilo, nikaipima kiganjani, nikaipandisha na kuishusha. Ugali wa siku ile ulichelewa sana.