Daftari la Neema

Tangu Jumapili usiku neno la Zuhura limenikaa kooni. Tulikuwa sebuleni kwa kaka, Mbagala, umeme umerudi kwa bahati, nyumba nzima imekusanyika kuangalia sehemu ya saba ya tamthilia ya televisheni tunayoitengeneza kazini kwetu. Sini ya darasani ikaanza, Neema, mwanafunzi wa kwenye hadithi, akafungua daftari, mwalimu akageukia ubao.

"Shangazi, Neema amehamia hii shule?"

"Hapana, si yupo tangu mwanzo?"

"Mbona daftari lake jipya?"

"Labda amenunuliwa."

"Mwezi wa kumi? Halafu halijaandikwa namba mbili."

Akaendelea na muhogo wake. Ana miaka tisa, yuko darasa la nne.

Wiki imekuwa na mengi: tumemaliza kuhariri sehemu ya kumi na tatu, mdogo wetu ameletewa barua ya posa, mkuu mpya wa vipindi ameanza kazi Jumanne. Lakini nikiinama tu mezani nasikia "Mwezi wa kumi?" Hakusema kwa kebehi. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyeona kitu hakiko mahali pake.

Na alisema kweli. Tarehe ya ubaoni ilikuwa sahihi, niliisimamia mwenyewe. Kifungo cha juu kilifunguliwa pale pale kilipofunguliwa kwenye sini iliyotangulia, begi lilikuwa bega la kulia, soksi moja imeshuka. Daftari ndilo lililotuponyoka, na chanzo chake ni ratiba. Shule tunaipata wakati wa likizo tu, Juni na Desemba, kwa hiyo sini zote za darasani, kuanzia Januari ya kwenye hadithi hadi Novemba, zinapigwa picha ndani ya siku kumi. Asubuhi Neema anaanza muhula, saa tano yuko kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, baada ya chakula cha mchana tumerudi Machi. Madaftari yanatoka Kariakoo yakiwa yamefungwa kwa dazeni, yanagawiwa siku ya kwanza, na siku ya kumi yako vile vile. Hakuna aliyeyaandika. Watoto wanashika peni na kuichezesha juu ya karatasi.

Jumatano nikamwomba Zuhura daftari lake la Hisabati nilale nalo usiku mmoja. Nililifungua chini ya taa, nikakaa nalo mpaka saa sita.

Jalada la kaki limepasuka mgongoni, likazibwa kwa selotepu ambayo imegeuka njano na kushika vumbi pembeni. Kona ya chini kulia imejikunja kama sikio la mbuzi, kwa sababu ndiyo anayoshika akifunua. Ya juu kushoto bado ina makali yake. Pini zimeanza kutu, na karatasi mbili za katikati hazipo, zimechomolewa siku ya jaribio. Kurasa zilizoandikwa zimevimba kwa mgandamizo wa peni, kwa hiyo ukilitazama daftari kwa ubavu, nusu ya mbele imefura na nusu ya nyuma imelala. Ukurasa wa kumi na tisa una doa la mafuta, mviringo wa andazi kabisa. Peni nyekundu ya mwalimu imepenya hadi upande wa pili.

Uchungu uliniishia hapo. Nilijikuta natabasamu peke yangu, maana kila kitu tulichokikosa kilikuwa mkononi mwangu, na kinawezekana kwa pesa ndogo sana.

Kwa msimu ujao nataka kila mtoto mwenye nafasi kubwa kwenye hadithi awe na madaftari matatu ya somo moja. La Januari lina kurasa nne zilizoandikwa, la Juni limefika nusu, la Oktoba limebakiza kurasa sita na chini ya jina limeandikwa "Na. 2". Aandike mtoto mwenyewe, nusu saa kwa siku, wiki tatu kabla ya kamera. Mtu mmoja wa vifaa akiandika yote, darasa zima linakuwa na mwandiko mmoja, na kamera ikipita juu ya madawati jambo hilo linaonekana. Kusahihisha apewe mwalimu wa kweli: tiki yake anaipiga kwa mkupuo akiwa tayari anawaza daftari linalofuata. Sisi tunaichora.

Kulichakaza, chai isiguse. Karatasi iliyochovywa kwenye chai inapata rangi sawasawa ukurasa mzima, ikafanana na hati ya kale, wakati daftari la mtoto huchafuka pale linaposhikwa. Paka vidole mafuta ya nazi kidogo mno, vigusishe kwenye vumbi la udongo, halafu funua kurasa kwa kona ya chini mara thelathini au arobaini. Mafuta yakizidi karatasi inakuwa kama ya kufungia chipsi, huwezi tena kuandika juu yake. Kisha liingie kwenye begi pamoja na vitabu vitatu na chupa ya maji iliyolowa nje, libebwe siku mbili.

Chai iachiwe mashati. Shati jeupe pe karibu na dirisha linaungua kwenye picha, yaani linabaki weupe mtupu, na ukipunguza mwanga kuliokoa, uso wa mtoto unazama gizani. La pamba ukililoweka dakika kumi kwenye maji ya moto ya majani ya chai na kulisuuza, weupe unapungua na nyumbani hakuna anayejua. Tetroni haishiki chai. Hapo afadhali kununua kitambaa cha rangi ya maziwa tangu mwanzo.

Jambo linalonishangaza: mdogo wake Neema, yule mchanga, ni mapacha wawili wanaopokezana, na Zuhura hajagundua mpaka leo. Ni njia ya zamani. Mtoto Michelle wa Full House, tamthilia ya vichekesho ya Marekani iliyoanza 1987, aliigizwa na mapacha Mary-Kate na Ashley Olsen, kwa sababu sheria ya California inabana sana saa za mtoto mdogo. Wa chini ya miezi sita haruhusiwi mbele ya kamera zaidi ya dakika 20 kwa siku. Sura mbili zimempita Zuhura, daftari halikumpita. Daftari analo na yeye.

Kabla Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, haijaanza Novemba 1969, mtafiti Edward Palmer aliweka pembeni ya televisheni skrini iliyobadilisha picha kila sekunde saba na nusu, akawa anaandika ni wakati gani hasa mtoto anaacha kipindi na kutazama pembeni. Aliwauliza watoto kwa macho yao. Sisi sehemu ya saba tuliionyesha kwa watu wazima sita, na hakuna aliyetaja daftari. Nimeandika ombi: kabla ya kurusha, watoto wanane wa darasa la tatu na la nne, chumba kimoja, muhogo upo. Mkuu mpya atajibu Jumatatu.

Daftari nimelirudisha asubuhi, jalada nimelibadilisha kaki. Zuhura ameniomba lile kuukuu nimrudishie, kuna namba ya simu ya rafiki yake imeandikwa ndani.

Mama amepiga simu wakati naandika haya. Mguu wa kushoto umevimba tena. Nilipomuuliza tangu lini, akaanza kunisimulia habari za kuku.